IMANI HUKUA SIKU KWA SIKU

Somo la kujifunza nyumbani na katika vikundi vya sala

Masomo ya Biblia: Marko 4:26-29, Luka 9:23, 2 Wafalme 5:9-14, Waebrania 11:13, Wagalatia 6:9, 2 Petro 1:5-8. Tafadhali fungueni Biblia zenu na kuyasoma kabla ya kuendelea.





Kila mwaka, sikukuu za tarehe 6 Aprili na tarehe 12 Oktoba zinapofika, viti havitoshi kanisani. Wengine husimama nje mpaka mwisho wa ibada. Korali zinaimba, fanfari inapiga, watu wanatoa matoleo kwa furaha. Sisi mashemasi tunaopanga viti tunamshukuru Mungu kwa ajili ya hayo. Lakini siku ya Mungu inayofuata, viti vile vile tunavikuta vitupu. Tukimtembelea ndugu aliyekosekana, mara nyingi hujibu hivi: "Shemasi, imani iko, ila nguvu imepungua. Ninangoja Mungu anifanyie jambo."

Somo letu linajibu neno hilo. Je, imani ya Mkristo hukua siku gani? Ni katika siku kubwa, Mungu anapotenda ajabu mbele ya macho ya wote? Au ni katika siku ndogo zisizoonwa na mtu? Tutaona katika Neno la Mungu, na katika historia ya Kanisa letu wenyewe, kwamba siku kubwa huiamsha imani na kuifurahisha, lakini siku ndogo ndizo huilisha mpaka ikakomaa.

I. MBEGU HUKUA USIKU NA MCHANA

Katika Marko 4:26-29 Bwana Yesu anatoa mfano ambao hatuukuti katika Injili nyingine. Mtu anapanda mbegu, analala, anaamka, na mbegu inamea bila yeye kujua jinsi inavyomea. Kwanza jani, kisha suke, kisha punje zilizojaa ndani ya suke. Tujifunze hapo mambo matatu.

La kwanza: kuna utaratibu. Hakuna aliyeona suke kabla ya jani. Hapa kwetu Katanga, anayepanda mahindi mwezi wa Novemba, mvua zinapoanza, hupata mahindi mabichi mwezi wa Februari au Machi. Mihogo hudai zaidi: wengi huingoja mwaka mzima na kuzidi. Hakuna mkulima anayelia mwezi wa Desemba kwamba Mungu amemwacha kwa sababu shamba lina majani tu. Basi kwa nini mtu aliyebatizwa mwaka jana avunjike moyo kwa kuwa hajafika alipofika mzee wa miaka arobaini ndani ya imani?

La pili: kukua hakuonekani siku ile ile. Mama hawezi kusema, "Leo asubuhi nimemwona mtoto wangu akiongezeka." Lakini siku moja suruali ya mtoto huwa fupi, ndipo wote wanajua. Anayefukua mbegu kila asubuhi ili aone kama imeota, huiua kwa mikono yake.

La tatu: Mungu ndiye anayekuza, lakini mkulima hakukaa bure. Alipanda, akapalilia, akafukuza ndege. Mtume Paulo anafundisha hivyo hivyo katika 1 Wakorintho 3:6-7: mmoja hupanda, mwingine hutia maji, naye Mungu huleta ukuaji. Usichukue kazi ya Mungu. Lakini pia usimwachie Mungu jembe lako.

Mvua za kwanza zikinyesha, uyoga hutokea kwa usiku mmoja, na mama zetu huuza uyoga huo kando ya barabara. Ni chakula kizuri, tunashukuru. Lakini ukikaa siku mbili tatu, umeoza. Na hakuna aliyekwenda porini kukata nguzo ya nyumba akarudi na uyoga. Kuna imani ya namna hiyo: inatokea kwa usiku mmoja wa mkutano, inapendeza machoni, na kabla mwezi haujaisha haipo.

II. MSALABA WA KILA SIKU

Wekeni pamoja masomo matatu: Matayo 16:24, Marko 8:34 na Luka 9:23. Katika yote matatu Bwana anamwita anayetaka kumfuata ajikane na kujitwika msalaba wake. Lakini Luka peke yake ameandika kwamba msalaba huo ni wa kila siku. Msikilize neno hilo dogo. Wengi wetu tuko tayari kuubeba msalaba siku moja, mbele ya watu, kwa wimbo. Luka anatuuliza: na kesho yake? Na kesho kutwa, jua likiwa kali na hakuna anayekuona?

Mungu alikwisha kuwafundisha Waisraeli jambo hilo jangwani. Katika Kutoka 16 aliwapa mana. Kila mtu aliokota ya siku ile tu. Waliojaribu kuiweka mpaka asubuhi, kinyume cha agizo, waliikuta ina wadudu na inanuka. Siku ya sita tu ndiyo waliokota maradufu kwa ajili ya sabato. Mungu angeweza kuwapa gunia la miaka arobaini. Lakini alitaka kila asubuhi watoke hemani, wainame, waokote, na kukumbuka anayewalisha.

Ndugu, sala ya jana ilikuwa ya jana. Ushuhuda wako wa miaka kumi iliyopita ni mzuri, uendelee kuusimulia kwa watoto. Lakini hauwezi kulisha roho yako leo, kama vile bukari uliyokula mwaka jana haishibishi tumbo la leo.

III. SIKU 159 NA MIAKA 30

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Papa Simon Kimbangu alizaliwa Nkamba mwaka 1887. Alibatizwa mwaka 1915 katika misioni ya Wabatisti wa Uingereza, pamoja na mke wake Mama Marie Muilu. Tumepokea kwa wazee wetu kwamba wito wa Mungu ulimfikia mwaka 1918, wakati ule homa kubwa ilipoua watu wengi. Lakini kazi yake ya wazi ilianza tarehe 6 Aprili 1921, alipomwekea mikono mama mgonjwa aitwaye Kiantondo. Angalieni vizuri: kati ya wito na kazi ilipita karibu miaka mitatu.

Tangu tarehe 6 Aprili mpaka tarehe 12 Septemba 1921, siku alipojitoa mwenyewe mikononi mwa watawala huko Nkamba, ni siku 159. Katika siku hizo watu wengi walikuja Nkamba, wakaleta wagonjwa wao, wakatupa vitu vya uchawi, wakaacha ngoma chafu na kuoa wake wengi. Na hata siku hizo 159 hazikuwa zote siku za mikutano. Tarehe 6 Juni askari walikuja kumkamata, akaponyoka, na tangu hapo alikuwa mtu wa kutafutwa.

Tarehe 3 Oktoba 1921, mahakama ya kijeshi huko Thysville, mji unaoitwa leo Mbanza-Ngungu, ilimhukumu kuchapwa fimbo 120 na kuuawa. Mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji alibadili hukumu ya kifo ikawa kifungo cha maisha. Ndipo alipoletwa Elisabethville, mji wetu huu wa Lubumbashi, zaidi ya kilometa 1500 kutoka kwao. Alifariki hapa, akiwa bado mfungwa, tarehe 12 Oktoba 1951.

Sasa chukueni kalamu tuhesabu pamoja. Tangu siku aliyojitoa mpaka siku aliyofariki ni miaka 30 na mwezi mmoja, yaani zaidi ya siku 10,900. Gawanyeni kwa 159. Mtaona kwamba kwa kila siku moja ya Nkamba kulikuwa na siku 69 za kifungo.

Sisi tunapenda kusimulia siku 159, na ni haki tuzisimulie, kwa maana Mungu alitenda. Lakini mara ngapi tunafundisha watoto wetu juu ya zile siku 10,900? Humo hamkuwa na umati wa watu wala korali. Mke na watoto walikuwa mbali. Kulikuwa na asubuhi, na baada yake asubuhi nyingine inayofanana nayo. Kama imani ya Papa Simon Kimbangu ingekuwa inakula miujiza tu, ingekufa kwa njaa kabla mwaka ule wa 1921 haujaisha.

Basi ndugu anayesema, "Ninangoja Mungu anifanyie jambo ndipo nirudi kusali," na afikiri sana. Kanisa lake halikujengwa na watu waliongoja jambo. Lilijengwa na watu waliodumu siku ambazo hakuna jambo.

IV. MAMA ALIYELINDA MOTO

Papa alipokamatwa, watoto wao watatu walikuwa wadogo. Charles Kisolokele alikuwa na miaka 7, Salomon Dialungana miaka 5, na Joseph Diangienda miaka 3. Kanisa lilikatazwa. Waamini wengi walipelekwa uhamishoni katika mikoa mingine ya nchi, na huko walikofukuziwa walipeleka Habari Njema pamoja nao. Aliyetaka kuzima moto aliutawanya kwa mikono yake mwenyewe.

Katika miaka hiyo yote Mama Marie Muilu alibaki akiwatia moyo waamini kwa siri. Hakuwa na hekalu wala fanfari, na kitambulisho cha serikali hakikuwepo. Mama zetu wanajua kazi ya kulinda makaa usiku: huyafunika kwa majivu, na asubuhi huyafunua na kupuliza polepole. Mtu apitaye hudhani jiko limezimika. Mama alifanya kazi hiyo karibu miaka 38.

Alifariki tarehe 27 Aprili 1959. Serikali ya Ubelgiji ililitambua Kanisa tarehe 24 Desemba mwaka ule ule, miezi minane haijatimia tangu afariki. Hakuiona siku ile. Hakuona pia Aprili 1960, mabaki ya mume wake yalipotolewa hapa kwetu na kurudishwa Nkamba. Someni Waebrania 11:13. Mwandishi anazungumza juu ya watu waliokufa wakiwa ndani ya imani bila kupokea yaliyoahidiwa, lakini waliyaona kwa mbali na kuyasalimu.

Hapa tuzungumze wazi. Kuna mama anayesoma ukurasa huu ambaye amesali miaka mingi apate mtoto, na hajapata. Kuna baba ambaye amemfunga mtoto wake kaburini baada ya kufunga na kusali. Hatuna ruhusa ya kuwaambia tarehe ya jibu la Mungu. Na tusithubutu kuwaambia kwamba imani yao ni ndogo. Mtume Paulo alimwomba Bwana mara tatu amwondolee mwiba wake, wala haukuondolewa. Alipewa neema ya kuubeba (2 Wakorintho 12:7-9). Je, imani ya Paulo ilikuwa ndogo? Mama Muilu alingoja karibu miaka 38 na hakuona. Je, imani yake ilikuwa ndogo? Anayeendelea kusali bila kuona, huyo ndiye tunayepaswa kukaa karibu naye ili tujifunze.

V. MAMBO YANAYOZUIA KUKUA

1. Kutaka jambo kubwa tu. Someni 2 Wafalme 5:9-14. Naamani alikuwa jemadari, naye alikuwa na ukoma. Alitaka nabii atoke nje, asimame, aite jina la Mungu wake, atikise mkono. Nabii alituma mjumbe tu, na neno la kuoga mtoni mara saba. Naamani akakasirika. Watumishi wake ndio waliomwonyesha kwamba kama angeagizwa jambo gumu angelifanya. Basi kwa nini akatae jambo dogo? Alipozama mara ya kwanza, Biblia haisemi kitu kilibadilika. Ngozi ilirudi alipotimiza mara saba. Wangapi wetu hutoka mtoni baada ya mara ya tatu, na kwenda kutafuta nabii mwingine katika mtaa mwingine?

2. Kuacha unapoona nafuu. Mgonjwa wa kifua kikuu akifika hospitali hupewa dawa za kumeza kwa kawaida miezi 6. Baada ya wiki chache kikohozi kinapungua, anaanza kunenepa, naye hujiona amepona. Akiacha dawa hapo, ugonjwa unaweza kurudi, na mara nyingine hurudi ukiwa hausikii tena dawa ile. (Mpendwa, kama wewe ni mgonjwa huyo, meza dawa zako zote mpaka mwisho na usali pia. Kumeza dawa si kukosa imani.) Rohoni ni vivyo hivyo. Mtu akiwa na shida haondoki kanisani. Akipata kazi, hatumwoni tena. Dhambi aliyokuwa ameanza kuishinda inarudi, na sasa ina nguvu kuliko kwanza.

3. Kuhesabu majaribu kama kushindwa. Wanaochoma makala wanajua pori letu. Mti mchanga wa porini huchipuka, kisha wakati wa kiangazi moto unapita na kuuteketeza mpaka chini. Mvua zikirudi unachipuka tena, na moto unaurudia. Hali hiyo inaweza kuendelea miaka mingi, nasi tunadhani mti ule haukui. Lakini chini ya udongo mzizi unazidi kunenepa kila mwaka. Kisha unakuja mwaka ambao mzizi una nguvu ya kutosha, mti unapanda haraka, na moto wa nyasi haufikii tena kichwa chake. Yakobo 1:2-4 anafundisha kwamba kujaribiwa kwa imani huzaa saburi. Usihesabu majani yaliyoungua. Uliza mzizi uko namna gani.

4. Kujilinganisha na wengine. Yule aliyebatizwa pamoja nawe leo ni mwimbishaji au mhubiri, na wewe bado unafagia kanisa. Fagia vizuri. Katika Luka 16:10 Bwana anafundisha kwamba mwaminifu katika lililo dogo sana ni mwaminifu katika kubwa pia. Hakusema kwamba dogo ni la muda tu mpaka kubwa lije. Mungu analiona hilo dogo lenyewe.

VI. UPENDO, AMRI, KAZI: NAMNA YA KUISHI KILA SIKU

Tumefundishwa maneno haya matatu tangu utoto, tena tunayasema haraka. Tuyaingize sasa ndani ya siku moja ya kawaida, tangu siku ya kwanza mpaka siku ya posho.

UPENDO. Salimu kwanza mtu wa nyumbani mwako asubuhi, kabla ya kumlaumu. Jirani yako ambaye hamzungumzi tangu ugomvi wa maji, mpelekee hata kikombe cha chumvi. Wagonjwa wa parokia wasingoje tarehe ya komite. Mtembelee mmoja kila wiki.

AMRI. Ukiuza unga, kipimo chako kiwe kile kile kwa mtoto na kwa mkubwa. Ukikopa, rudisha siku mliyopatana. Ukishindwa, nenda mwenyewe useme, usijifiche. Katika likelemba usipokee zamu yako kisha ukatoweka. Wanaokuona sokoni hawatakuja kanisani kusikia unavyoimba. Wamekwisha kusikia.

KAZI. Lima, funza, shona, chimba, uza, kwa moyo mmoja. Hekalu la Nkamba lililozinduliwa tarehe 6 Aprili 1981 lilijengwa na waamini wenyewe, wakibeba mawe. Hakuna jiwe moja lililofanya hekalu. Na aliyebeba jiwe la chini, ambalo leo halionekani, hakufanya kazi ndogo kuliko aliyebeba jiwe la juu. Vivyo hivyo matoleo yako: toa kidogo kila wiki bila kukosa, kuliko kutoa nyingi siku ya nsinsani mbele ya macho ya watu, kisha mwaka mzima kimya.

Na juu ya yote, sala na Neno. Danieli alikuwa na desturi ya kusali mara tatu kila siku. Siku alipotishiwa simba, alifanya tu kama alivyofanya siku zote (Danieli 6:10). Hakuanza kujifunza kusali siku ile. Chagua saa yako. Kama ni dakika kumi kabla ya jogoo wa pili, ziwe hizo, leo na kesho. Soma mistari michache, uielewe, uibebe mpaka jioni. Asiyejua kusoma, mtoto wake wa shule amsomee. Wote wawili watapata baraka.

Mtajuaje kama mnakua? Msiulize tu kama machozi yalitoka wakati wa wimbo. Ulizeni hivi: Hasira yangu inachukua muda gani kupoa, kuliko mwaka jana? Nikikosewa hesabu sokoni kwa faida yangu, ninarudisha? Nikikosa jibu la sala, ninaendelea kusali? Katika 2 Petro 1:5-8 Mtume anatuonyesha ngazi: juu ya imani tuongeze wema, maarifa, kiasi, saburi, utauwa, upendano wa ndugu, na upendo. Ngazi hupandwa kidato kwa kidato. Anayeruka huanguka.

MWISHO

Wapendwa, tusichoke kutenda mema. Wagalatia 6:9 yatuahidi mavuno kwa wakati wake, tusipozimia roho. Wakati huo ni wa Mungu, nasi hatujui tarehe yake. Leo tumepewa. Kama siku kubwa itakuja, itukute tukiwa shambani. Na kama haitakuja tukiwa hai, kama haikumjia Mama Muilu, watoto wetu wataikuta na watajua nani alilinda makaa.

Basi ndugu uliyekosekana tangu sikukuu: siku ya Mungu inayokuja hakuna sikukuu yoyote. Ni ibada ya kawaida. Kiti chako kipo. Karibu.

Mungu Baba, Mwana na Roho Mtakatifu awabariki. Amina.

MASWALI YA KUJIFUNZA PAMOJA

1. Katika mfano wa Marko 4:26-29, ni kazi gani ya mkulima, na ni kazi gani ya Mungu?
2. Luka 9:23 inaongeza neno gani ambalo Matayo na Marko hawana? Neno hilo linabadili nini katika maisha yako ya wiki hii?
3. Kwa nini mana iliyowekwa mpaka asubuhi iliharibika? Ni "mana ya jana" gani ambayo sisi tunaitegemea?
4. Siku 159, na zaidi ya siku 10,900: tunajifunza nini katika hesabu hiyo?
5. Tumwambie nini, na tusimwambie nini, mtu ambaye amesali muda mrefu bila kupata?
6. Kila mmoja achague jambo moja dogo la kufanya kila siku mpaka mwisho wa mwezi. Msiyatangaze. Mwezi ukiisha, rudini mseme Mungu amewafundisha nini.